Waandishi Tumejaa, Wahariri Wako Wapi?

Tusidanganyane, wenzangu. Hapa Singida waandishi tumejaa. Kila kijiwe kina mshairi wake, kila darasa la kidato cha nne lina kijana mwenye daftari la riwaya chini ya deski, na ukikaa stendi ya Misuna nusu saa huku umeshika kalamu, mtu atakuja kukwambia kwamba na yeye anaandika. Hilo ni jambo jema. Lakini waulize washikaji hao hao swali moja tu: nani kati yenu anataka kuwa mhariri? Utasikia kimya, kisha utasikia kicheko. Mhariri? Yule wa kuweka nukta na mkato? Yule aliyeshindwa kuandika cha kwake akaamua kukwangua vya wenzake?

Mimi nasema hivi, na anayetaka kununa anune: uandishi wetu wa mikoani hauuawi na uhaba wa vipaji. Unauawa na uhaba wa wahariri. Na kasumba ya kumdharau mhariri hatukuletewa na mtu kutoka Dar. Tumeilea wenyewe, tukaipa na kigoda ikae.

Nasoma miswada ya vijana wenzangu karibu kila wiki. Inakuja kwa bahasha, inakuja kwa simu, mingine imeandikwa nyuma ya karatasi za mtihani. Vipaji vimo, tena vya kukufanya usahau chai ikapoa. Lakini sura ya tatu mama anakufa, anazikwa, watu wanalia. Sura ya nane yuko jikoni anasonga ugali wa uwele na mlenda uko pembeni. Shujaa anaitwa Juma mpaka ukurasa wa 40, baada ya hapo anaitwa Jumanne, na wala hajajificha polisi. Hadithi inaanza kama moto wa kiangazi, katikati inageuka hotuba ya mkuu wa wilaya.

Mwenye mswada wa namna hiyo akikosa mtu wa kumkalisha chini, unajua anachofanya. Anauza mbuzi wawili, anakimbilia steshenari, anachapa nakala mia moja, anagawa kwa shangazi na wajomba. Wajomba wanasema "hongera sana mwanetu" na hawafungui ukurasa wa pili. Nakala zinabaki uvunguni, panya wanakuwa ndio wasomaji. Kijana anajiona hana bahati, anaacha kuandika, anaingia kwenye biashara ya vitunguu. Vitunguu ni kazi ya heshima, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba kipaji kimekufa na hakuna aliyeitwa matangani.

Sisi ni watu wa alizeti, basi niseme kwa lugha ya nyumbani. Hakuna anayekaangia viazi mbegu za alizeti. Mbegu lazima ziingie mashineni, mafuta yatoke huku na mashudu yatoke huku. Mashudu si takataka, kuku watakula. Lakini huwezi kumpelekea mteja ndoo yenye vyote pamoja ukamwambia haya ni mafuta. Mswada ni mbegu. Mhariri ndiye mwenye mashine. Zamani tulijifunza kwamba anayesafirisha mbegu analipwa kidogo kuliko anayesafirisha mafuta. Kwa nini maneno yetu bado tunayapakia yakiwa mbegu?

KAZI MOJA AU KAZI NANE?

Sasa tuanze na ujinga wa kwanza, ule wa kudhani uhariri ni kazi moja. Ukisema "daktari" watu wanajua kuna wa meno, wa macho na wa wazazi. Ukisema "mhariri" wanaona mzee mwenye miwani na kalamu nyekundu. Hapana, ndugu zanguni. Ndani ya nyumba ya uchapishaji zimo kazi nyingi, na kila moja inataka mtu wa tabia yake.

Kuna mhariri msakaji. Huyu hasubiri miswada mezani; anaitafuta. Anajua nani anaandika nini, anajua kitabu gani nchi inakihitaji na bado hakijaandikwa, na anakwenda kumtoa mwandishi nyumbani kwake. Mwaka 1962 waandishi wa Kiafrika walikutana Makerere, Uganda. Mwanafunzi mmoja wa chuo hapo, akiitwa James Ngugi wakati huo, alimpa mswada wake Chinua Achebe. Achebe alikuwa tayari na jina, kwani riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958. Mwaka huo huo wa 1962 ndipo alipoanza kazi ya mhariri mshauri wa mfululizo wa vitabu vya waandishi wa Afrika wa kampuni ya Heinemann, kazi aliyoifanya miaka kumi. Mswada wa yule mwanafunzi ulitoka mwaka 1964. Dunia nzima ikamfahamu Ngugi wa Thiong'o. Sasa niambieni, wale mnaosema mhariri ni mwandishi aliyeshindwa: Achebe alishindwa nini?

Tazama na hapa kwetu. Tanzania Publishing House, shirika la umma lililoanzishwa mwaka 1966, ilimpata Walter Bgoya kama meneja mkuu mwaka 1972. Alikuwa ametoka Wizara ya Mambo ya Nje. Mwaka huo huo TPH, pamoja na Bogle-L'Ouverture ya London, ikatoa kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma. Rodney alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani mswada ulikuwa mlangoni. Mwaka 1976 TPH ikatoa kitabu cha Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka Tanzania. Vitabu vile vinasomwa mpaka leo mabara mengine. Bgoya alipoondoka TPH hakwenda kulima. Mwaka 1991 alianzisha Mkuki na Nyota. Kusaka miswada kulimfanya awe mmoja wa watu waliojenga fikra za kizazi kizima, ingawa jina la juu ya jalada ni la mtu mwingine.

Na kazi hii ina hatari zake, msidhani ni ya kukaa kivulini. Henry Chakava wa Kenya aliingia Heinemann ya Nairobi mwaka 1972 akiwa mhariri kijana. Mwaka 1980 alitoa kwa Kikuyu riwaya ambayo Ngugi aliiandika akiwa kizuizini, ile tuliyoisoma kwa Kiswahili kwa jina la Shetani Msalabani. Chakava alitishwa kwa simu, kisha akavamiwa na kujeruhiwa kidole. Hakuacha. Baadaye alisimamia kampuni hiyo kuwa mikononi mwa wenyeji, ikawa East African Educational Publishers. Alifariki mwaka 2024, na waliomlilia zaidi ni waandishi. Huyo ndiye "mweka nukta na mkato" mnayemcheka!

Kuna mhariri mjenzi. Huyu anapokea mswada ukiwa na mbavu nje. Hagusi nukta hata moja kwanza. Anausoma wote, anaurudia, halafu anamwandikia mwandishi barua ndefu: sura yako ya kwanza ni ya tatu, huyu mjomba hana kazi, mtoe, mwisho umekimbia, rudi. Hamwandikii mwandishi. Anamuuliza maswali mpaka mwandishi mwenyewe aone shimo. Kazi hii inataka subira ya mkunga: mtoto si wake, ila asipokuwepo panaweza kuwa na maafa.

Kuna mhariri wa lugha. Huyu ndiye watu wanayemjua, na bado hawamjui. Kazi yake si kuwinda makosa tu. Anakuwa na daftari lake pembeni: neno hili tunaliandika hivi, kijiji hiki kinaitwa hivi, mhusika huyu ana umri huu, mvua ilinyesha siku gani. Ndiye anayegundua kwamba Juma amekuwa Jumanne. Na huyu ana madaraka makubwa kuliko mnavyodhani. Mwaka 1930 wakoloni waliunda kamati ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kusawazisha lugha na kupitia vitabu vya shule kabla havijapigwa chapa. Lahaja ya Unguja ndiyo iliyochukuliwa kuwa msingi. Watu wa Mvita, wenye utenzi na mashairi ya vizazi na vizazi, wakaambiwa wasogee. Msukuma, Mnyaturu na Mnyiramba hata kuulizwa hawakuulizwa. Wahariri wachache mezani waliamua Kiswahili gani kitaandikwa, na sisi wote tunaandika kwa uamuzi wao. Tangu mwaka 1967 tuna BAKITA, na vitabu vya shule hupitia kwake kupata ithibati ya lugha. Anayeshika kalamu ya mhariri wa lugha ameshika usukani wa basi. Ninyi mnagombea kiti cha dirishani!

Kuna msoma prufu. Mlango wa kuingilia ni huu, na ni mlango mwembamba. Kurasa zimeshapangwa, kesho zinakwenda mtamboni. Yeye anasoma mstari kwa mstari, anailinganisha prufu na mswada, anatazama namba za kurasa, maneno chini ya picha, neno lililokatwa vibaya mwisho wa mstari. Akilala, kosa linazaliwa mara elfu tano kwa usiku mmoja. Wahariri wengi wakubwa walianzia kwenye benchi hili.

Kuna mhariri wa vitabu vya watoto. Anajua sentensi inayomtosha mtoto wa darasa la pili, na anajua picha ikae wapi ili isiimalize hadithi kabla ya maneno. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuwa na vitabu vya watoto vya rangi, vya kuvutia, vilivyotungwa na kuchorwa na watu wa hapa.

Kuna mhariri wa kamusi, mtu wa kadi, mafaili na kompyuta, ambaye anaweza kukaa wiki nzima na kitenzi kimoja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI iliyotoka mwaka 1981 haikushuka kutoka mbinguni. Walikuwepo watu waliokaa chini wakabishana maneno, herufi baada ya herufi.

Na kuna mhariri mwenye kampuni. Kaka zetu wa riwaya za kusisimua walitufundisha hili. Elvis Musiba alianza na Kufa na Kupona, iliyotolewa na East African Literature Bureau mwaka 1974, baadaye akawa na Continental Publishers yake. Ben Mtobwa akaanzisha Heko, vitabu na gazeti. Karatasi zilikuwa adimu, miaka ya 1980 ilikuwa noma, lakini waliuza. Na dada zangu msikae kimya mkidhani hii ni nyumba ya wanaume: mwaka 1989 Elieshi Lema na Demere Kitunga walianzisha E & D, nyumba ya uchapishaji iliyoongozwa na wanawake. Kitunga ni mhariri na mfasiri, na baadaye alikuwa miongoni mwa walioanzisha Soma pale Dar es Salaam, mahali pa vitabu na mazungumzo.

Nimehesabu saba, na bado sijamtaja mhariri wa jarida kama hili mnalolishika, ambaye siku moja ni msakaji, kesho mjenzi, keshokutwa anasoma prufu kwa mshumaa umeme ukikatika. Kwa hiyo ukiniambia hutaki kuwa mhariri, nitakuuliza: hutaki kuwa yupi?

WANAOUA KAZI HII

Wako wa aina tatu, nami nitawasema wote.

Wa kwanza ni wachapishaji wababaishaji. Bajeti ikibana, wa kwanza kukatwa ni mhariri. Jalada litang'aa, uzinduzi utakuwa na soda na mgeni rasmi, lakini ndani hakuna aliyesoma. Jina la mpiga chapa lipo, jina la mchora jalada lipo, jina la mhariri halipo. Mtu aliyekaa miezi minne na kitabu hana hata mstari mmoja kwenye ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu! Halafu tunashangaa vijana hawaipendi kazi. Nani apende kazi isiyo na mshiko wala ujiko?

Wa pili ni utaratibu wetu wa vitabu vya shule. Hapa niseme polepole ili nieleweke. Katika miaka ya 1990 serikali ilifungua mlango, kampuni binafsi zikaanza kutoa vitabu vya kiada. Yalikuwemo matatizo, yakiwemo makosa na ushindani wa kuviziana. Mwaka 2013 kamati ya kuidhinisha vitabu, EMAC, ikavunjwa, na kazi ya kuandaa vitabu vya kiada ikarudishwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Watu wakasema sasa makosa yamekwisha. Yalikwisha? Mwaka 2017 wabunge walilalamika juu ya vitabu vya taasisi hiyo hiyo vilivyojaa makosa, na wizara ikaagiza vyenye kasoro viondolewe. Wakati wa kampuni binafsi makosa yalikuwepo, wakati wa taasisi ya umma makosa yalikuwepo. Basi dawa haikuwa kubadilisha mwenye duka. Dawa ilikuwa kuajiri wahariri wa kutosha, kuwafundisha, kuwalipa, na kuwapa muda wa kusoma. Kitabu cha kiada hakisomwi na rafiki anayeweza kucheka akapita. Kinasomwa na mtoto wa Mkalama ambaye hana kitabu kingine, na kosa lililomo analiandika kwenye mtihani akiamini ni kweli. Na soko hilo la shule ndilo lililokuwa linawaweka wahariri wengi mjini. Lilipohama, nani aliuliza wahariri wamehamia wapi?

Wa tatu ni sisi wenyewe waandishi chipukizi. Tunataka kusifiwa, hatutaki kusomwa. Ukimrudishia mtu mswada una alama arobaini pembeni, anakwenda kusema kijiweni kwamba unamwonea wivu. "Huyu anataka kuua sauti yangu." Sauti! Sura tatu hazina mwisho, wewe unazungumzia sauti.

LAKINI WANA HOJA

Nisiwe kama mwanasheria wa upande mmoja. Hofu ya kuuliwa sauti si ya kipuuzi hata kidogo. Rafiki yangu mmoja wa Ikungi aliandika hadithi ya utoto wake. Humo mna mtoto anayepanda juu ya tembe kuanika mtama, na kutoka pale juu anamwona baba akirudi na mgeni. Hadithi yote imesimama juu ya tukio hilo. Akaipeleka kwa mchapishaji mmoja, simtaji. Ilipotoka, mtoto alikuwa anapanda juu ya kibanda cha nyasi kuanika mtama. Mhariri aliona neno "tembe", pengine akafungua kamusi akakuta ni kuku jike aliyepevuka bila kuanza kutaga, akajiambia huyu mshamba amekosea, akaondoa. Hakujua kwamba tembe ni nyumba yetu, yenye paa bapa la udongo, ambalo kweli mtu anaweza kupanda, kusimama na kuanika nafaka. Jaribu kusimama juu ya kibanda cha nyasi uone kama hutaangukia chunguni! Nyumbani kwao watu walicheka mpaka wakatoka machozi. Yeye hakucheka.

Basi hapo mtu ataniambia: umeona? Mhariri ni adui. Nami namjibu: hapana, umesoma hadithi kichwa chini. Yule hakuwa mhariri mkali mno, alikuwa mhariri mvivu. Mhariri wa kweli asingefuta; angeandika pembeni, "tembe ni nini hapa?" Swali moja tu, la maneno manne, lingeokoa hadithi. Na zaidi ya hapo, kama meza ile ingekuwa na mtu mmoja wa Singida, au Dodoma, au Manyoni, wala swali lisingehitajika. Dawa ya mhariri asiyeijua tembe si kukaa bila mhariri. Dawa ni mhariri aliyelala ndani ya tembe.

Hapo ndipo hasa ninapotaka mfike. Tunalalamika kwamba Kiswahili cha vitabuni kina harufu ya pwani na ya Kariakoo tu, kwamba Mnyaturu akitokea kwenye riwaya ni mlinzi wa getini, kwamba Wahadzabe wa kule Eyasi wanaandikwa kama wanyama wa mbugani. Ni kweli. Lakini waandishi elfu moja kutoka huku hawatabadilisha hilo kama kila mswada unapitia meza ambayo hakuna anayejua uwele unapepetwaje. Mwandishi anaingiza neno. Mhariri anaamua kama litabaki. Mkoa huu una watu wapatao milioni mbili kwa sensa ya mwaka 2022, lakini kwenye meza zile tumekaa wangapi?

Mwingine atasema zama zimebadilika, siku hizi kuna programu za kompyuta na akili bandia, unabandika mswada wako na unarudi umesafishwa. Zitumieni, sikatazi, zinaona herufi iliyodondoka haraka kuliko mimi. Lakini zipeni ile hadithi ya Ikungi. Mashine imelishwa yale yaliyoandikwa kwa wingi, na tembe yetu haikuandikwa kwa wingi. Usishangae ikikurudishia kibanda, tena kwa adabu na kwa sarufi safi. Kadiri mashine zinavyoongezeka, ndivyo anavyohitajika mtu wa kusema: hapana, acha hapo, hilo neno letu.

TUANZIE WAPI?

Sipendi polemiki inayobomoa ikaenda kulala. Nasema haya yanawezekana hapa hapa, bila mfadhili na bila kusubiri Dar, iliyo kilometa kama 700 kutoka hapa.

Kwanza, kila kikundi cha waandishi kichague wasomaji wawili ambao kwa mwaka mmoja hawatatoa kazi zao. Kazi yao iwe kusoma za wenzao na kuandika barua kwa kila mswada: nini kinasimama, nini kinaanguka, maswali gani. Barua, si maneno ya kijiweni. Ukiandika ndiyo unafikiri. Atakayeona mwaka huo umempendeza kuliko kuandika riwaya yake, huyo amejipata.

Pili, tuwe na daftari la pamoja la maneno ya huku: majina ya vijiji yanavyoandikwa, majina ya vyakula, ya ngoma, ya sehemu za nyumba, ya mvua na upepo. Liwe mkononi mwa kila anayehariri. Likikua, wapelekewe watu wa kamusi. Tembe ipate haki yake.

Tatu, anayetaka kuanza kusoma prufu asisubiri kampuni ya vitabu. Mji huu una karatasi nyingi zinazochapwa: ripoti za vyama vya ushirika, vipeperushi vya kliniki, majarida ya shule, vitabu vya nyimbo vya makanisa, kalenda za misikiti. Zote zina makosa. Nenda na kalamu, wasahihishie ukurasa mmoja bure waone tofauti, wa pili wakulipe. Wanachuo wa ualimu pale Kinampanda, mnaosahihisha insha mpaka usiku wa manane, mnadhani mnafanya nini? Mmeshaanza mafunzo. Na mwenye uwezo wa kwenda mbali ajue kwamba pale Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi kimefundisha uchapishaji kama somo la shahada.

Nne, malipo. Mwandishi anayeweza kumlipa mpiga chapa na mpishi wa siku ya uzinduzi anaweza kumlipa mhariri. Mkubaliane kwa maandishi kabla ya kazi: kurasa ngapi, mara ngapi utasoma, kwa bei gani, na nani mwenye neno la mwisho. Neno la mwisho ni la mwandishi. Lakini neno la mwisho linakuja baada ya kusikiliza, si badala yake.

Tano, jina. Kitabu chochote kitakachotoka mikononi mwetu kitaje mhariri wake. Kikisifiwa, asifiwe. Kikiwa na makosa, aulizwe. Anayeogopa kuandikwa jina lake hakufanya kazi.

Sasa nimewatolea yangu. Wako watakaosema nimejikweza, na wako watakaosema natafuta wateja. Waseme. Mimi najua kwamba muda huu, mahali fulani kati ya Kiomboi na Itigi, kuna msichana anayesoma hadithi ya rafiki yake na moyoni anasema, "Hapa katikati pamelegea, angeanza na lile tukio la kisimani." Haoni kama hicho ni kipaji. Anadhani ni maneno ya mdomoni. Nani amwambie kwamba hiyo ni kazi, ina jina, ina ngazi zake, na kwamba walioifanya vizuri walibadilisha vitabu vya bara hili?

Mwambieni. Na ukiwa ni wewe, shika kalamu, andika pembeni swali la kwanza.